Nguruwe Mweusi wa Mkamwana Wangu

Sifa zimwendee Mungu, aliyeotesha majani mlimani kabla hajaumba kinywa cha kuyala, ili kila kiumbe akija akute meza imekwisha kuandaliwa. Namshukuru kwa pumzi ya asubuhi, kwa magoti ambayo bado yanakunjika mbele ya altare, na kwa macho ambayo kutoka mlangoni kwangu bado yanafika mpaka mtoni bondeni. Nikiisha kumtolea yeye wa kwanza kilicho chake, sasa naweza kusimulia habari za nguruwe.

Msicheke. Nimefundisha katekisimu tangu ujana wangu, na watoto niliowaandaa kwa komunyo ya kwanza leo wanakuja kanisani na wajukuu wao. Katika miaka hiyo yote nimeona kwamba neema haichagui mlango. Huingia mlango wa mbele pamoja na padre, na huingia pia nyuma ya jiko, kwenye matope.

Ninakaa Nyantende, juu kidogo ya barabara, kwenye shamba aliloniachia marehemu mume wangu. Zamani shamba hili lilikuwa migomba kutoka juu hadi chini, mtu akipita kati yake anasikia baridi kama ameingia kanisani. Kisha ukaja ule ugonjwa wa migomba. Majani yananyauka, ndizi inaiva kabla ya wakati wake, ukiikata ndani ni usaha. Tulikata, tukazika, tukakata tena. Mlima ulibaki uchi, halafu majani yakaushika. Tulijaribu kulima maharage kwenye mteremko ule, mvua ikayachukua pamoja na udongo wake mpaka mtoni. Ng'ombe wa kuyala majani hayo hatukuwa nao tena. Walikwenda miaka ya kukimbia vita, kama walivyokwenda wa watu wengine. Basi majani yalikua mazuri, ya kupendeza macho, na hapakuwa na kinywa.

Mwanangu wa pili alifariki kwa ugonjwa, akaniachia mke wake na watoto wao. Mkamwana wangu huyu ni mzaliwa wa Bunyakiri, mwanamke wa maneno machache na mikono myepesi. Kwetu mjane kijana hafukuzwi. Lakini anakaa kwa wema wa ndugu za mume. Analima pale alipoonyeshwa, na akivuna kuna mtu wa kumwuliza amevuna nini. Kaka zake kule Bunyakiri walilijua jambo hilo, wakatuma neno: matanga yakishaondolewa, na barabara ikipitika, watakuja kumchukua yeye na watoto. Hawakuwa na ubaya. Ningekuwa mama yao, ningewatuma mimi mwenyewe.

Siku moja tulikuwa tunachambua maharage mlangoni. Akaniambia bila kuinua macho kutoka kwenye ungo:

"Maman, minakupenda. Batoto pia banakupenda. Lakini siwezi kuzeekea fasi ambako ata kuku ya kuuzisha naomba ruhusa. Kama niko na kitu yangu hapa, nabakia. Kama hakuna, bandugu yangu bakikuya, naenda nabo."

"Kitu gani?"

"Kitu ya kuzaa. Kitu yenye hakuna mutu atakuya kuniambia ni ya ukoo."

Nilikaa na neno hilo siku kadhaa. Nililipeleka Misani, nikalirudisha nyumbani. Kama ingekuwa ng'ombe, hata kama ningeweza kumpata, asingelala kwake usiku mmoja akiwa wake. Ng'ombe kwetu ni mahari, ni fidia, ni heshima ya wanaume. Kila kijana wa ukoo anayetaka kuoa anamwona ng'ombe wako kama wake aliyechelewa kufika. Mbuzi naye huchukuliwa kila penye karamu, na hatoki kwenye maharage ya jirani. Kuku hufa wote kwa juma moja. Nikabaki na nguruwe. Hakuna mtu katika Bushi nzima, nchi yetu hii, aliyewahi kupeleka nguruwe kwa wakwe. Nikamwambia mkamwana wangu, naye akatazama mteremko wetu wa majani, akasema, "Kama ni ile yenye kukula hizi."

Neno hilo "yenye kukula hizi" ndilo lililotupa kazi.

Mwanangu mkubwa anakaa Nguba, mjini karibu na ziwa, na anauza saruji na misumari. Ni mtoto mwema, anatukumbuka, hana choyo. Kasoro yake ni moja tu, na sijui kama ni kasoro: kila shida ya dunia yeye anaiona inahitaji saruji. Nilipomwambia shauri letu, alikuja Jumapili baada ya Misa, bado amevaa koti, na simu yake imejaa picha za nguruwe weupe.

"Maman, hii njo race, mbegu ya kweli! Angalia mugongo. Angalia urefu. Hii ni nguruwe ao ni camion ya mizigo?"

"Inakulaka nini?" nikauliza.

"Hiyo isikusumbue. Nitajenga nyumba yake ya saruji pale juu, na maji inapita chini. Dreshi nitaleta na pikipiki kila juma."

Dreshi ni machicha ya kiwanda cha bia. Mjini kwetu wafugaji wanaishi kwayo. Siku ya kugawa unaona magunia yanatoka yakivuja njia nzima, na mbwa nyuma yake.

Tulikwenda naye, mimi na mkamwana wangu, kuwaona weupe hao kwa rafiki yake mwenye zizi pembezoni mwa mji. Sitasema uongo: walikuwa wazuri. Walikuwa warefu, wasafi, na masikio yao kama majani ya majimbi. Mwanangu akavua koti, akaanza kazi ambayo baba yake alimfundisha. Alipita mbele ya jike mmoja, akapita nyuma. Akampapasa mgongo kwa kiganja kilichofunguka. Akarudi hatua chache, akainamisha kichwa upande mmoja, akapiga mluzi mdogo. Nilimtambua. Alikuwa anamwangalia kama ng'ombe wa mahari.

"Bado kuangalia pembe," nikamwambia.

Mwenye kulisha nguruwe pale zizini, mtu mnene mcheshi, akaangua kicheko. Mwanangu naye akacheka, lakini hakuacha. Wanaume wetu hawajui namna nyingine ya kuchagua mnyama. Na kwa ng'ombe namna hiyo ni sahihi, kwa sababu ng'ombe wa mahari huchaguliwa kwa ajili ya macho ya watu: atapita njiani, atasifiwa, wakwe watatoka nje kumpokea. Lakini nguruwe hatembezwi mbele ya wakwe. Nani atampigia vigelegele?

Nikamgeukia yule mwenye kulisha. "Mama ya hizi ilikulaka nini?"

"Dreshi, maman. Dreshi na pumba."

"Na majani?"

"Majani? Majani zinalaliaka."

"Na siku dreshi haiko?"

Akashika kichwa. "Siku hiyo, maman, usiniulize. Zinalia mpaka majirani banatafuta nyumba ingine!"

Nilikuwa nimekuja na fungu la matembele, majani ya viazi vitamu, mabichi ya asubuhi ile. Nikamrushia yule jike aliyesifiwa. Alikuja, akayanusa kwa adabu, akageuka, akajilaza juu yake. Niliona pia kwamba ngozi ya masikio yake ilikuwa nyekundu, inabanduka kidogo, kwa jua tu lililoingia kupitia upande wa zizi usio na bati. Nikawaza mteremko wetu, ambao saa sita mchana hauna kivuli cha kuficha hata jani.

Wakati wa kurudi, mwanangu alibaki mjini akipanga mifuko ya saruji kichwani mwake. Sisi wawili tulipanda mlima taratibu. Tulipopumzika kwenye kona, mkamwana wangu akaniuliza:

"Maman, ile nguruwe itakuwa ya nani?"

"Yako. Si tulisema?"

"Nyumba yake, nani atajenga?"

"Shemeji yako."

"Dreshi, nani ataleta?"

"Ni yeye."

"Basi ni yake. Mutu ananilishia nguruwe kila juma, nitamuambia namna gani kama haiko yake? Ata yeye hatasema kitu, ni mutu muzuri. Lakini nguruwe yenyewe ikisikia pikipiki, itasimama."

Nimesikiliza mahubiri mengi ya watu waliosoma, na baadhi yake yalikuwa mazuri sana, lakini siku ile kwenye kona niliona shauri letu lote kwa mwanga mpya. Nilidhani tunachagua nguruwe. Kumbe tulikuwa tunachagua mkono. Mnyama anayekula kinachonunuliwa ni wa mwenye kununua. Mnyama anayekula mlima ni wa mwenye kukaa mlimani.

Kwa hiyo tukaanza kumtafuta yule wa zamani, mweusi, wa nywele ngumu, waliyemfuga bibi zetu kabla weupe hawajaletwa. Nilifikiri ni kazi rahisi. Njiani pote unaona nguruwe weusi. Lakini kwanza nikamwita veterineri wa upande wetu, kijana niliyemfundisha katekisimu mwenyewe, ili anieleze yote bila kunipaka mafuta.

"Maman katekista," akasema, akikaa kwenye kigoda, "nikikudanganya utanirudisha kwenye mafundisho."

"Na utakaa mbele kabisa."

Alinieleza vizuri, na namshukuru. Mweupe, akasema, akishibishwa anakua upesi na anazaa wengi. Asiposhibishwa ni mzigo. Mweusi wa asili anakua polepole, anazaa wachache kuliko mweupe, lakini anachunga, anachimba, anavumilia jua na mvua, na majani yanampa sehemu kubwa ya chakula chake. Ukimwongezea viazi vidogo na mabaki ya shamba, hakudai zaidi. Homa ya nguruwe, hiyo inayomaliza kijiji kizima, haichagui rangi wala haina sindano. Kwa hiyo mweusi naye asiachwe kuzurura njiani. Awe ndani ya uzio, mbali na choo, asipewe mabaki ya nyama ya nguruwe kutoka mjini, na dume la kuazima lililozunguka nyumba kwa nyumba lisivuke mlango wetu.

Kisha akasema neno ambalo lilitusaidia kuliko yote. "Lakini usiende na rangi, maman. Weusi wengi unaowaona barabarani, baba yao ni mweupe. Ngozi nyeusi, tumbo la dreshi. Angalia pua iwe ndefu na nyoofu. Angalia miguu. Na mama yake, umwone kwenye majani kwa macho yako, asikuambie mtu."

Ng'ambo ya bonde anakaa bibi mmoja ambaye ni mkubwa kuliko mimi, na kwa sababu hiyo ananiita mtoto. Watu walituambia kwamba tangu siku alipopokea nguruwe kutoka kwa mama-mkwe wake hajaruhusu dume jeupe kukanyaga kwake. Tukaenda asubuhi, umande haujakauka. Alitupokea kwa mashaka.

"Munatafuta nguruwe, ao munatafuta picha? Batu banakuya hapa, banaangalia, banasema iko ndogo, banaenda. Bananichokesha."

"Tunatafuta yenye inakulaka majani, bibi," akajibu mkamwana wangu.

"Hm. Kaa chini, basi. Nguruwe yangu haikawii kujionyesha."

Alifungua lango la vijiti. Akatoka jike mweusi, si mkubwa, mgongo umepinda kidogo chini, pua ndefu kama jembe la kupalilia. Hakutuangalia. Alikwenda moja kwa moja kwenye majani, akaanza kuyakata kwa upande wa mdomo, kwa mpango, kama mwanamke anayevuna. Aliyaacha makavu, akala machanga. Alipofika penye udongo laini alizamisha pua mpaka machoni, akageuza donge, akapata mzizi, akautafuna macho yamefungwa. Watoto wake walimfuata nyuma wakisukumana.

Nilitoa rozari yangu. Niliimaliza yote, na mkamwana wangu alikuwa bado amekaa kwenye majani yenye unyevu, mikono kwenye magoti, anaangalia. Bibi alianza kumwangalia yeye badala ya nguruwe.

Kulikuwa na mtoto mmoja jike, mnono kuliko wenzake, ambaye kila mama yake aliposimama yeye alikimbilia titi. Mimi nilikuwa nimekwisha kumchagua huyo moyoni. Lakini kulikuwa na mwingine, mwembamba, ambaye hakukaa karibu na mama. Alikuwa pembeni, amekaza miguu, anavuta shina la majani lililomzidi nguvu. Lilipokatika alianguka kwa matako, akainuka nalo mdomoni.

"Ile," mkamwana wangu akasema.

"Haiko mukubwa," bibi akamjaribu.

"Naona. Mukubwa ananyonya. Ile inajitafutia."

Bibi akanipiga bega. "Mutoto, huyu umemutoa wapi? Banaume banakuya hapa banachagua nguruwe sawa vile banachagua ng'ombe ya mahari. Huyu anachagua sawa na mama!" Kisha akamgeukia. "Ikitaka dume, uilete hapa kwangu. Dume yangu haitembei, na haina rafiki. Ukiipeleka barabarani kwa zile nyeupe, usinisalimie tena."

Tukapatana bila kugombana. Njia ya kurudi ilikuwa na mateso yake, maana aliyejitafutia majani alijitafutia pia kila njia isiyo ya kwetu. Tulipofika karibu na nyumbani tukakutana na jirani mmoja wa kundi la maombi, mwanamke anayependa kunichokoza.

"Maman katekista! Na ile mashetani unaipeleka wapi?"

"Ninaipeleka kula majani, mama. Ile ya zamani ya Injili ilirukia ziwani. Hii yangu, ziwa liko mbali, itachoka njiani."

Alicheka mpaka akaweka chini kikapu chake. Nilimwambia pia, kwa utaratibu, kwamba Petro mtume alionyeshwa shuka iliyojaa wanyama wa kila aina, akafundishwa asikidharau alichokitakasa Mungu. Hakujibu, lakini Krismasi yake ya mwaka uliofuata hakuipitisha bila nyama kutoka kwetu.

Sasa lilibaki jambo zito kuliko kuchagua. Kwetu mnyama hatolewi kwa maneno ya jikoni. Hutolewa mbele ya watu wa ukoo, kamba inatoka mkono huu inaingia mkono ule, na aliyekuwapo hawezi kesho kusema hakujua. Nikawaita. Akaja ndugu mdogo wa marehemu mume wangu, ambaye ndiye mzee wetu sasa, wakaja watoto wa ukoo, akaja mwanangu wa Nguba. Nikaweka kasiksi ya ndizi katikati, pombe ya ndizi za kununua kwa sababu za kwetu zilikwisha. Kisha nikamtoa nguruwe.

Mwanangu alimwangalia kwa muda. "Maman, hii ni nguruwe ao ni panya ya pori?"

Wakacheka wote. Mzee wetu alicheka mpaka kasiksi ikamwagikia shati.

Niliacha wacheke. Nikasema, "Mnaona nilicho nacho mkononi. Si ng'ombe, si mbuzi. Ninampa mke wa marehemu mtoto wangu. Ni wake, na watakaotoka tumboni mwake ni wake, na majani ya mteremko huu kutoka kwenye mti wa parachichi mpaka chini ni chakula chao wakati wote nitakapokuwa hai na baada yangu. Kama kuna wa kupinga, aseme akiwa hapa."

"Nani atapinga?" mzee akasema, akijifuta. "Tutatoa nguruwe mahari, sisi? Muache achukue! Achukue ata na mukia yake!"

Wakacheka tena. Na katika kicheko hicho walikuwa wamekwisha kutoa neno. Mkamwana wangu alipokea kamba kwa mikono miwili, akapiga goti kidogo. Nilimtazama mzee, na mzee akanitazama, na naamini wakati huo alielewa nilichofanya na ule mteremko. Lakini alikuwa mtu wa haki, akanywa.

Watu walipoondoka mwanangu alibaki amesimama karibu na lango. Niliona ameumia.

"Nilitaka kusaidia, maman."

"Najua, mwanangu."

"Nyumba ya saruji, dreshi, yote nilikuwa nimepanga. Sasa miye nitaleta nini?"

Mkamwana wangu ndiye aliyejibu, akiwa ameinama anafunga kamba kwenye kigingi. "Shemeji, misumari si uko nayo? Na mikono? Uzio haujengwi na pikipiki."

Alisimama pale, nikadhani atakasirika. Kisha akavua koti lake, akalitundika kwenye parachichi. Jumamosi iliyofuata alikuja na misumari, na iliyofuata tena. Alisimika miti ya kuchipua, ile inayoshika mizizi na kuwa ua hai, akagawa mteremko vipande vipande ili nguruwe ale kimoja huku vingine vikipumzika. Hakuna saruji hata kijiko. Nilimsikia akimwambia mtu kwenye simu kwamba yuko "kwa chantier ya nguruwe ya shemeji," yaani kwenye ujenzi wake, na sauti yake haikuwa ya mtu aliyeshindwa.

Nguruwe alikua polepole kama tulivyoambiwa. Sikuhangaika, mimi mwenyewe sikukua haraka. Kila kipande alichokitoka kilikuwa kimelimwa na kutiwa mbolea, kikabaki kutengenezewa matuta. Tukapanda viazi vitamu, na mashina yake yakarudi kwake kama chakula. Udongo uliacha kwenda mtoni. Kuna wakati njia za mji zilifungwa na dreshi ikakosekana, na wenye weupe waliwauza kabla hawajakonda zaidi. Niliwahurumia kweli, tukawapelekea magunia ya matembele wale waliokuwa karibu. Wetu siku hizo hakujua kama kuna kilichobadilika duniani.

Wakati wake ulipofika alikwenda kwa dume la bibi, akarudi, na siku zake zilipotimia alijichimbia mwenyewe kitanda cha majani chini ya kibanda, akazaa. Si wengi. Wote walisimama.

Barabara ya Bunyakiri ilikuwa imeharibiwa na mvua, ndiyo maana kaka zake walikawia. Walikuja wawili, kwa miguu sehemu kubwa ya njia, matope mpaka magotini, na mifuko mitupu ya kubebea vitu vya dada yao. Nikawapa maji ya kunawa na chakula. Walikula kwa adabu, kisha mkubwa wao akasema wanachokifuata, nami nikasema dada yao yuko mteremkoni, waende wamwulize yeye. Nikawafuata nyuma na fimbo yangu. Niliogopa, sikatai. Kutoa kamba ni kitu kimoja, na kuitwa na watu wa tumbo moja nawe ni kitu kingine. Mwanangu wa Nguba alikuwa pale siku hiyo, ameshika nyundo, anarudishia mti ulioegemea.

"Dada, tumefika," kaka mkubwa akasema. "Funga vitu yako, twende."

Mkamwana wangu alikuwa katikati ya majani, watoto wa nguruwe wanamzunguka miguu. Akawaangalia kaka zake, akaangalia mifuko mikononi mwao.

"Yaya," akamwambia kaka mkubwa, "vitu yangu haiwezi kuingia mu hiyo mufuko."

Kaka mdogo akacheka. Mkubwa hakucheka. Alikuwa amekuja njia ndefu na alitaka kujua anaacha nini nyuma yake. Akawatazama nguruwe wale weusi wote, mama na watoto, kisha akamtazama mwanangu, kama mwanaume anavyomuuliza mwanaume.

"Hizi zote ni za nani?"

Mwanangu alishusha nyundo. Angeweza kusema "ni zetu," na asingekuwa amekosa adabu. Ni neno analosema kila mtu wa kwetu kuhusu mali ya nyumbani.

"Ni zake," akasema. "Miye niko fundi tu."

Kaka mkubwa akakunja mfuko wake mara mbili, akautia kwapani, akaingia ndani ya uzio kuwaona kwa karibu. Baada ya muda nikamsikia anamwuliza dada yake kama anaweza kumpatia jike mmoja ampelekee mama yao kule Bunyakiri.

"Mama nitamupa ya bure," dada akajibu. "Weye utalipa sawa na bengine."

Wote watatu wakacheka, na mwanangu pamoja nao.

Nawe unayesoma, Mungu akuonyeshe kilichoota tayari mbele ya mlango wako. Akupe mnyama anayekifaa, na mkono wako mwenyewe wa kumshika. Na walio wa nyumba yako, mtu akiwaita waondoke, wawe na sababu njema ya kubaki. Amina.